Njaa ya Utotoni Haijatoka Moyoni

Mto Tana, uingiao baharini kule Kipini, huko juu umezibwa na bwawa la Masinga, Machakos. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1981. Miaka mitatu baadaye, 1984, masika hayakunyesha, na ardhi iliyolizunguka ziwa ikakauka kama kigae. Maji yale yalikusudiwa umeme, si mashamba ya wenyeji.

Wakamba wana ada ya kuipa njaa jina. Hiyo ya 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika: fedha mtu anazo mkononi, chakula hakuna. Ndio mwaka serikali ilipoagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani, na wengi wakayala shingo upande.

Nina sahibu yangu, mzaliwa wa Masinga, aliyekuja Mombasa kutafuta riziki, akaoa na kuzaa papa hapa. Njaa ile ilimkuta ana miaka minane. Kwa muda mrefu tukimcheka kwa uchoyo. Uvunguni mwake halikosekani gunia la mahindi, na mtoto akisaza ugali, hasira humpanda zisizolingana na kosa. Siku moja bintiye akamuuliza kwa upole, "Baba, kwani unaogopa nini?" Alikosa jibu. Usiku ule ndipo alipomwona tena mamake, akikoroga sufuria ya maji matupu ili wanawe wasinzie wakitumaini.

Aliponihadithia, nilinyamaa. Sote chuoni tulisomeshwa kisa cha Sayyidna Umar na mwanamke aliyechemsha mawe. Tulimsifu Khalifa kwa kubeba unga mgongoni mwake. Lakini waama, miaka yote hii sikujiuliza watoto wale walipokua walikuwa watu wa namna gani.

Jambo hili wataalamu huliita kiwewe. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao, walitangaza uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,000: kadiri masaibu ya utotoni yalivyokuwa mengi, ndivyo ulevi, huzuni na hata maradhi ya moyo yalivyozidi ukubwani. Wao walihesabu mapigo, matusi, mama kupigwa na mfano wa hayo. Njaa ya ukame hawakuihesabu. Nadhani mtu wa Masinga angaliwakumbusha.

Sisi wa Pwani hukimbilia kuambiana "subiri". Subira ni ibada, lakini kufunga mdomo ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) alifiwa na mamake, Bi Amina, akiwa na miaka sita. Alipokuwa mtu mzima, mwenye umma mzima mabegani, alilizuru kaburi lake akalia, hata waliokuwa naye nao wakalia.

Kule Makueni, majirani wa Machakos, Profesa David Ndetei na wenziwe waliwafunza waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kuyatambua maradhi ya nafsi na kuwapeleka wagonjwa zahanati. Sahibu yangu naye alipata mshauri hapa mjini. Mwanzo alikwenda akikaa kimya saa nzima na kurudi. Mara ya nne ndipo alipolitaja jina la njaa ile, na jioni akawaketisha wanawe akawahadithia yote, sufuria na maji yake.

Gunia bado li uvunguni. Mwezi uliopita alilifungua, akampimia jirani pishi mbili, kisha akaniuliza mimi kama amepima vyema.