Jasho Si Mafuta

Swali ninaloulizwa na vijana wa Kerenge, na baba zao pia, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kuliuliza, ni hili: avae nini akimbiapo ili atoke jasho jingi zaidi, sweta au jaketi la nailoni, kitambi kipate kuyeyuka? Nalijibu kwa maandishi, maana subira imenipungua.

Jasho ni maji na chumvi, ambayo mwili huyatoa juu ya ngozi ili yakikauka yaondoke na joto. Wala mafuta ya kitambi hayamo. Mafuta hayo, mwili unapoyatumia, aghalabu hutoka kwa pumzi: katika kila kilo 10, kilo 8.4 hupita mapafuni zikiwa hewa ya kaboni, na 1.6 zilizosalia huwa maji. Basi yule niliyemwona saa tisa alasiri akikamua sweta lake kando ya barabara, maji yakichuruzika vumbini, kisha akapanda mizani na kushangilia kilo 1 iliyopungua, alikuwa amepoteza lita 1 ya maji, ambayo bilauri nne zingeirejesha kabla ya magharibi. Nailoni ina madhara makubwa zaidi, kwa kuwa huzuia jasho lisikauke, joto likazidi mwilini na moyo ukaelemewa. Mwaka 1997, huko Marekani, wanamieleka 3 wa vyuo walifariki katika muda wa wiki chache wakijitoa jasho kwa namna hiyo ili wapunguze uzito. Walikuwa vijana wenye siha, nao walikufa kwa dhana batili.

Mtazameni Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo, Septemba 2025: alikimbia kwenye joto kwa fulana nyepesi, na baada ya kilomita 42 akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Pumzi ndiyo iliyomfikisha pale. Kasi na nguvu za miguu ndizo zilizompa nishani, na kila moja ina mazoezi yake.

Atakaye siha, basi, akimbie alfajiri siku tatu kwa juma, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Siku ya nne apande kilima mbio fupi fupi, akishuka kwa kutembea. Mara mbili kwa juma apige pushapu, achuchumae na kuinuka, abebe ndoo ya maji kila mkono. Anyooshe viungo mwili ukiwa umepata moto. Anywe maji, alale vya kutosha, na kwa ajili ya kitambi apunguze soda na ukubwa wa tonge. Mwenye maumivu ya kifua au presha aanzie zahanati.