Meno Yanayolegea na Shavu Lililovimba

Mtoto wa miaka sita kuchezacheza jino hakumshtui mzazi. Ni umri wake. Ndiyo maana saratani ya taya hupita machoni petu. Shavu linavimba, familia inadhani ni jipu, jino linang'olewa. Wiki mbili baadaye uso umepinda na jicho linasukumwa nje.

Hii ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mvulana aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu haliwi hivyo. Burkitt hakutulia. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika, wakaona kwamba ugonjwa huu hupungua kwenye miinuko yenye baridi na hushamiri kwenye joto na mvua. Huko ndiko kwenye malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakakuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Wengi wetu tunaishi nacho tangu utotoni bila madhara. Malaria ya mara kwa mara huvuruga kinga ya mtoto na kukipa nafasi.

Ninalotaka wazazi walishike ni kasi yake. Chembe za saratani hii zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mwezi wa kuzunguka kwa waganga unatosha kuifikisha tumboni au kwenye uti wa mgongo, na mtoto aliyekuwa akikimbia akashindwa kusimama. Lakini dawa za saratani huua zaidi chembe zinazogawanyika upesi, kwa hiyo uvimbe huu hunywea siku chache tu baada ya dozi ya kwanza. Mtoto anayewahishwa ana nafasi kubwa ya kupona kabisa, tena bila kukatwa taya.

Mzazi, jino la utoto hulegea peke yake, na taya halivimbi. Yakilegea kadhaa pamoja huku taya limejaa, usikubali yang'olewe mkarudishwa nyumbani. Omba rufaa siku hiyohiyo, mtoto achukuliwe kinyama cha uvimbe kikapimwe.