Kosa la Shofere, Dhima ya Tajiri

Barabara Kuu ya Tatu hutoka Bujumbura, hufuata ziwa kupitia Rumonge na Nyanza-Lac, kisha hupanda Mabanda kuelekea mpaka wa Tanzania. Humo malori ya mawese hukutana na yatokayo Kigoma, ambayo usukani wake uko kulia ilhali Burundi hupita kulia. Ajali ikitokea, twasikia: "Kosa ni la shofere, alipe yeye." Hapo tunawaomba wanafunzi wasimame kidogo.

Kosa ni la aliyetenda. Dhima ni wajibu wa kulipa madhara, nayo yaweza kumfikia asiyekuwepo. Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, kilichotokana na amri ya 30 Julai 1888, chasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake atafidia. Kifungu cha 260 humgusa pia mwajiri, mtumishi wake akidhuru watu akiwa kazini. Kifungo (si kifungu, angalieni herufi!) humpata shofere, fidia hudaiwa hata kwa tajiri wake. Mjane akifasiriwa dhima kuwa kosa, atamdai shofere asiye na kitu, mwenye lori asiulizwe.

Lori likiwa la kigeni, iulizwe Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kuwalipa watu wengine waliodhurika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango wa kadi hiyo.