Mlipaji ni mtoto, msafiri ni mzazi: soko la matembezi ya wazee kutoka Elburgon

Likizo za Agosti na Desemba zikifika, magari ya kukodi huondoka Elburgon kabla ya jua kuchomoza, ukungu ungali umeshika misitu ya Mau. Yanaelekea Nakuru, Naivasha, Bogoria, mengine hadi stesheni ya SGR kwa safari ya Mombasa. Kiti cha mbele mara nyingi huachiwa shosho au guka, yaani bibi au babu. Wanaolipa ni watoto: mwenye duka la mbao, mkulima aliyeuza viazi msimu ulipokuwa mzuri, mwalimu aliyeweka akiba kwenye sacco, binti aliye Boston au Dallas.

Pesa za kuendesha soko hili zipo. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi takribani dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya wa ughaibuni mwaka 2024, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Elburgon, mji uliojengwa kwa mbao na reli, nao ulipata nafuu Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Molo kwamba marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu Februari 2018 imeondolewa. Pesa nyingi huenda kwenye karo, hospitali na mabati. Zinazobaki, familia huanza kuulizana: mama amelima shamba hili maisha yake yote, je, ameshawahi kumwona kifaru aliye kilomita 50 kutoka nyumbani kwake?

Swali hilo ni jema, na biashara iliyozaliwa nalo inastahili kukua. Ina kasoro moja kubwa, nayo iko kwenye mpangilio wa soko lenyewe. Anayechagua na kulipa siye atakayekaa kwenye gari kwa saa saba. Mtoto hununua jina la mahali na bei. Mzazi hubeba barabara, ngazi, jua na kibofu. Safari ikiwa mbaya, muuzaji hatajua, kwa sababu wazazi wetu hawalalamikii zawadi. Mama atasema amefurahi, Mungu awabariki, kisha atalala kitandani siku mbili magoti yakimwaka. Wakala hupokea shukrani, na mwaka unaofuata huuza safari ileile kwa familia nyingine.

Wapo wafanyabiashara waliolazimika kulitatua jambo hili mapema, nao wako Mombasa. Meli za kitalii hutia nanga bandari ya Kilindini hasa kati ya Novemba na Aprili, na abiria wake wengi ni wastaafu. Wanashuka kwenye jengo la abiria lililojengwa gati namba 1 kwa msaada wa TradeMark Africa, wana siku moja au pungufu, na lazima wachague. Fort Jesus na Mji wa Kale ni karibu na bandari, lakini ngome hiyo ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593 ina miinuko na sakafu za mawe yasiyo sawa, na vichochoro vya Mji wa Kale havina pa kukaa. Haller Park kule Bamburi, iliyopandwa juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, ina njia tambarare, vivuli na twiga wanaolishwa kwa mkono. Tsavo Mashariki ina tembo wekundu kwa vumbi, ila ni siku nzima barabarani, alfajiri hadi jioni.

Kampuni za meli huandika kando ya kila ziara ya nchi kavu ni ya kiwango gani: nyepesi, ya wastani au ya jasho. Huandika ni muda gani wa kutembea, kama kuna ngazi, kama kiti cha magurudumu kinapita. Abiria anayenunua ziara ya kampuni ya meli hulipa zaidi kuliko yule anayepatana na dereva nje ya lango, lakini akichelewa kwa msongamano wa magari, meli humngoja. Aliyepatana mwenyewe huenda akaikuta gati tupu. Kwa hiyo kinachouzwa pale ni simba na pia uhakika wa kurudi, na mzee wa miaka 75 ana haki ya kulipia uhakika huo.

Desturi hiyo ya kuandika ugumu wa ziara haijafika Bonde la Ufa. Matangazo ya matembezi ya siku moja yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp huorodhesha maeneo manne au matano kwa siku, chakula cha mchana na picha. Wingi wa vituo ndio unaoonekana kuwa thamani. Kwa mzazi mzee, kila kituo ni kushuka na kupanda tena, na ratiba ya vituo vitano ni mazoezi ya miguu. Vituo viwili vinamtosha, kimoja cha kuona na kimoja cha kula.

Tuyapime maeneo yenyewe basi, kwa kuanzia na lile ninaloliweka mbele ya yote: Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Iko mwendo wa takribani saa moja na nusu kutoka Elburgon kupitia Njoro, ukubwa wake ni kilomita za mraba 188, na uzuri wake kwa mzee ni kwamba sheria ya hifadhi na uwezo wa magoti vinakubaliana: mgeni hukaa ndani ya gari. Vifaru, nyati, twiga na pundamilia huonwa kupitia dirishani. Hata Baboon Cliff, genge linalotazama ziwa lote, hufikiwa kwa gari hadi karibu na ukingo. Ziwa limejaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, maji yakameza lango kuu la zamani na baadhi ya barabara, na heroe wengi walihamia Ziwa Bogoria maji yalipopoteza chumvi. Wakala mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kupokea malipo ya awali. Mama aliyeahidiwa ziwa la waridi akakuta mwari wachache ataona amedanganywa. Aliyeahidiwa vifaru atarudi akisimulia. Malipo ya langoni hufanywa kupitia eCitizen, si taslimu, na ni vyema mtoto alipe kabla ya safari ili mzee asikae juani mtandao ukisumbua. Aulize pia ni nafuu gani anayopewa raia mzee wakati huo.

Gari nalo lina hesabu zake. Familia nyingi hukodi Nissan ya abiria 14 na kuijaza, kwa kuwa ndivyo mchango unavyoshuka. Gari hilo likibeba watu 9, mchango wa kila mmoja unapanda kwa zaidi ya nusu, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Mimi nasema watu 9 ndiyo bei halali ya kwenda na mzazi. Mzee anahitaji nafasi ya kunyoosha mguu, na asiinuliwe kila mara ili wa nyuma apite. Gari la watalii lenye paa la kufunguka hutozwa zaidi, lakini paa hilo ni la wanaoweza kusimama. Asiyeweza kusimama hufaidi dirisha pana na mlango wa chini. Land Cruiser hupita popote, ila kipandio chake ni kirefu mno kwa goti lililochoka. Stuli fupi ya mbao, ambayo fundi yeyote wa Elburgon anaitengeneza asubuhi moja, hulimaliza tatizo hilo, na bado si jambo la kawaida kuiona kwenye magari ya kukodi.

Karibu zaidi na nyumbani kuna kasri la Lord Egerton kule Ngata, lenye vyumba 52, lililojengwa kati ya 1938 na 1954 na mlowezi wa Kiingereza ambaye jina lake limebaki kwenye Chuo Kikuu cha Egerton. Ndani kuna ngazi. Nje kuna nyasi, kivuli cha miti na nafasi ya familia kukaa na sufuria zao. Kwa mzazi anayechoka haraka, hilo linatosha siku nzima. Menengai, juu ya jiji la Nakuru, hutazamwa kutoka ukingoni: volkeno yenye upana wa kilomita 12 hivi, na mvuke wa visima vya jotoardhi ukipanda chini kabisa. Ni ziara ya saa moja, basi. Upepo ni mkali, na atakayeshawishiwa kuteremka ndani awe kijana.

Naivasha ndiko mauzo makubwa yaliko na ndiko ninakoomba tahadhari. Boti ni raha ya kweli kwa mzee: anakaa, upepo unapiga, viboko na furukombe wanaonekana bila kutembea. Ugumu uko katika kuingia. Ziwa hupanda na kushuka, magati ya mbao hubadilika nalo, na hatua kati ya ubao unaotikisika na boti inayotikisika ndiyo hatua hatari kuliko zote katika safari nzima. Mwendeshaji bora huleta boti mahali penye gati imara, huweka watu wawili wa kumshika mzee na humfunga jaketi la kuokolea maisha akiwa bado nchi kavu. Anayemwambia mzee aruke tu, mwacheni. Kisiwa cha Crescent, wanachouziwa wengi pamoja na boti, ni matembezi ya miguu kati ya wanyama. Mpe mzazi boti, umwache kivulini na mwenzake wakati vijana wanatembea.

Jirani na hapo, hifadhi ya Hell's Gate inakubalika kwa gari, kuanzia langoni hadi kwenye majabali. Korongo lake halikubaliki. Linashukwa kwa kamba na kwa mikono, na mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo mwaka 2012 na tena Septemba 2019. Hata mzee mkakamavu asipelekwe.

Bogoria ina heroe na chemchemi zinazochemka, na wazee wengi huipenda kuliko Nakuru kwa sababu wanaona jambo ambalo hawajaliona popote. Lakini Elburgon iko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na Bogoria iko takribani mita 1,000 tu. Mtu aliyevaa sweta maisha yake yote anashushwa kwenye joto la Baringo saa sita mchana. Mwenye presha anayetumia vidonge vya kutoa maji mwilini na mwenye sukari wapate ushauri wa kliniki kwanza, na safari ipangwe ili ziwa lionekane mapema asubuhi, jambo linalomaanisha kulala Nakuru au Marigat usiku mmoja. Gharama ya usiku huo ni sehemu ya bei ya Bogoria.

Mombasa nayo inafuata kanuni hiyo: gharama ya kumpumzisha mzee ni sehemu ya bei. Tangu Januari 2024 nauli ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Kwa kijana, tofauti hiyo ni anasa. Kwa mama mwenye mgongo, viti vya daraja la kwanza ndivyo vinavyoamua kama ataiona bahari siku ya kwanza au ataona dari ya chumba. Siku ya kwanza pwani iwe ya kupumzika. Kisha familia ichague kama wanavyochagua wastaafu wa melini: Haller Park asubuhi, Fort Jesus jua likipungua, na Tsavo wakiwa kwenye treni, maana reli inapita katikati ya hifadhi na tembo huonekana dirishani bila malipo ya ziada.

Limebaki suala la choo, ambalo mawakala huliona dogo na wazee huliona kubwa kuliko simba. Mama asiyeweza kuchuchumaa hatasema. Ataacha kunywa maji tangu jana yake ili asiwasumbue, naye atapata kizunguzungu barabarani. Vituo vya mafuta na hoteli za barabara kuu ya Nakuru hadi Naivasha zenye choo cha kukaa, safi, chenye cha kushikilia ukutani, zina mtaji ambao hazijautangaza. Basi moja la kikundi cha kanisa likisimama hapo, abiria wote watanunua chai na andazi. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, utabadilisha mahali magari yanaposimama. Anayejenga kituo kipya leo aweke choo hicho kwenye ramani tangu mwanzo, kwani kukiongeza baadaye ni ghali.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Wengi wana watoto wanaotaka kuwapeleka mahali na hawajui wamuulize nani. Nikupe wewe mtoto maswali ya kumuuliza wakala kabla ya kutuma pesa: Mzazi atakaa ndani ya gari muda gani bila kusimama? Atapanda ngazi ngapi, na kuna cha kushikilia? Choo ni cha aina gani, na kuna umbali gani kati ya kimoja na kingine? Akichoka saa nane, gari linaweza kumrudisha bila kungoja kikundi? Muulize na mzazi mwenyewe, faraghani, bila ndugu wengine, angependa kuona nini. Wengi watataja kitu kimoja tu, na mara nyingi si kile mlichopanga.

Nawe wakala wa Nakuru, Njoro au Naivasha, anza na ziara moja. Itembee mwenyewe ukiwa na mzee wako, hesabu ngazi, pima dakika, kagua vyoo, kisha yaandike yote kwenye tangazo chini ya bei. Likizo ijayo haiko mbali.