Sotoka Iliyobaki Ndani ya Vichupa

Sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji katika njaa kuu, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Virusi vyake, ambavyo ni ndugu wa karibu wa virusi vya surua, vilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Meru nchini Kenya.

Malishoni vimekwisha, maabarani bado vimo, vimegandishwa. Na kwa kuwa chanjo ilikwisha kusitishwa, ng'ombe wa leo hawana kinga. Ndiyo maana kichupa kimoja hakipaswi kuvuka mpaka kiholela. Kundi la Australia, umoja wa nchi ulioanzishwa mwaka 1985, limeiweka sotoka katika orodha ya vimelea vya mifugo visivyouzwa wala kupelekwa nje bila leseni. Mwombaji hutakiwa kueleza ni nani atakayevipokea na kwa kazi gani.

Leseni, hata hivyo, haikiondoi kichupa. Mwaka 2019 taasisi ya Pirbright, Uingereza, iliteketeza sampuli zake zaidi ya 3,000, baada ya kusoma mpangilio wa chembe zake za urithi. Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini mpangilio huo sasa husafiri kwa intaneti, bila kupita forodhani. Orodha hiyo inagusa pia chembe za urithi za vimelea. Ila afisa wa mpakani hukagua masanduku, si barua pepe.