Moyo Ukidhoofika, Tumbo Nalo Hukataa Chakula

Katika nyumba za ndugu zetu wa Kitengela na Kajiado tumesikia lawama moja ikirudiwa: mzee hali. Mke huambiwa hajui kupika, mkazamwana hushukiwa, na mgonjwa hutibiwa vidonda vya tumbo. Nao wanaokuja kumjulia hali huona tumbo limetuna, wakasema amenenepa.

Huenda kiini cha mambo ni moyo. Moyo dhaifu haumudu kusukuma damu, nayo damu hurundikana katika mishipa ya ini na ya matumbo, hata kuta za utumbo zikavimba. Ndipo mgonjwa hushiba kwa matonge matatu, akaona kichefuchefu, na hicho kidogo alacho kisifyonzwe ipasavyo. Nyama za mapaja na mabega hupungua, maji yakashika nafasi yake, na mizani ikaonyesha uzito ule ule. Tumbo lile si siha, ni maji.

Wala haya si maradhi ya vikongwe peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na sababu kuu ni shinikizo la damu.

Basi apikiwe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji wa maziwa, mayai, samaki, kuku wa kuchemsha. Ladha itoke kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu thaumu, kwani chumvi huzuia maji mwilini. Nyama choma ya kuchovya chumvi na viungo vya pakiti viepukwe. Dawa za maumivu kama ibuprofeni asitumie bila idhini ya daktari. Apimwe uzito kila asubuhi; akiongezeka kilo 2 katika siku 3, au akikosa pumzi alalapo, apelekwe hospitali ya Kitengela au ya rufaa mjini Kajiado bila kungoja.

Ama saumu, ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Asiache dawa za kupunguza maji ili afunge; amuulize daktari kabla ya Ramadhani.

Enyi mama zetu na dada zetu, kabla ya kulaumu sufuria, ulizeni hali ya moyo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.