Shoki za Mbele za Pikapu Kuukuu: Nunua Inayofaa, Si Iliyo Ngumu Zaidi

Mamboleo ni njia panda ya kazi. Barabara moja inapanda Riat kuelekea Kiboswa na Kakamega, nyingine inaelekea Kibos, Miwani, Chemelil na Muhoroni kupitia mashamba ya miwa. Pikapu nyingi zinazopita hapa ni za miaka mingi, na ndizo zinazobeba maziwa, nyanya, saruji na samaki wetu kila siku.

Gari lenye mzigo linaposhuka Riat, kila mara dereva anapokanyaga breki uzito husukumwa mbele. Ikiwa shoki za mbele zimechoka, pua ya gari huinama, usukani huyumba na tairi hurukaruka. Tairi iliyo hewani haishiki lami, na isiposhika lami haiwezi kusimamisha gari, hata kama breki ni mpya. Makala haya yanalenga kumsaidia mkazi anayetaka kubadilisha shoki hizo asipoteze pesa wala kuhatarisha maisha.

Shoki hufanya kazi gani?

Wengi huamini kwamba shoki ndiyo inayobeba mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Gari likipita kwenye shimo, springi hujikunja kisha hujirusha juu. Kazi ya shoki ni kuituliza ili isiendelee kudunda. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto.

Kwa hiyo pikapu iliyolala upande mmoja au iliyoshuka mbele haitainuliwa na shoki mpya za kawaida. Hapo tatizo ni springi. Vilevile, kununua shoki ngumu kupita kiasi hakuongezi tani ambazo gari linaruhusiwa kubeba. Gari litatikisika likiwa tupu, na mshtuko utapelekwa kwenye bushi na chesi ambazo tayari ni za zamani.

Kwanza jua gari lako limeundwaje

Si kila pikapu ina mfumo mmoja mbele. Angalia nyuma ya tairi, au mwombe fundi akuonyeshe.

• Nissan Hardbody, Isuzu D-Max za kabla ya 2012 na Toyota Hilux nyingi za kabla ya 2005 hubebwa mbele na nondo ndefu ya kusokota iliyo chini ya gari, ambayo mafundi huiita toshoni. Shoki hukaa peke yake, nyembamba, na hubadilishwa bila kugusa springi. Hii ndiyo kazi rahisi na nafuu zaidi.

• Hilux za kuanzia 2005 na D-Max za kizazi kilichofuata zina springi ya mviringo iliyovishwa juu ya shoki. Ni lazima springi ibanwe kwa kifaa maalumu kabla ya kufungua nati ya juu.

• Peugeot 504, iliyowahi kuunganishwa hapa Kenya, hutumia strati. Hapa shoki ni sehemu ya nguzo inayoshika gurudumu lenyewe. Ikilegea au ikipinda, mwelekeo wa tairi hubadilika pia.

Jina la gari pekee halitoshi dukani. Beba namba ya chesi, mwaka wa gari, na useme kama linavutwa na magurudumu mawili au manne. Ikiwezekana, beba shoki ya zamani. Linganisha urefu ikiwa imefunguka na ikiwa imefungwa, unene wa fimbo, na namna inavyofungwa juu na chini.

Je, ni shoki kweli?

Kabla ya kutoa pesa, kagua haya:

1. Kandamiza kona ya mbele ya gari kwa nguvu kisha uachilie. Likipanda na kutulia, shoki bado ina uhai. Likiendelea kudunda, imekwisha.
2. Tazama mwili wa shoki. Unyevu kidogo si tatizo. Mafuta yanayotiririka na kushika vumbi ni dalili ya sili iliyopasuka.
3. Pitisha kiganja juu ya tairi gari likiwa limesimama. Mabonde na vilima kwenye raba huonyesha kwamba tairi imekuwa ikirukaruka.
4. Sauti ya “go-go-go” kwenye matuta mara nyingi hutoka kwa bushi, boli jointi au maunti. Ukibadilisha shoki pekee, sauti itarudi nyumbani nawe.

Unaponunua

Shoki za mafuta pekee ni nafuu na hutosha kwa gari linalotembea mjini. Kwenye barabara mbaya kwa muda mrefu, mafuta hupata joto na kutoa povu, na shoki hulegea ungali safarini. Shoki zenye gesi ya naitrojeni hupunguza povu hilo, hivyo huwafaa wanaopita njia za vumbi na udongo mweusi wa Kano. Jarida hili halipendekezi chapa yoyote.

Nunua mbili, kushoto na kulia, za aina moja. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulifanya gari livute upande linapofunga breki. Kagua alama ya ubora ya KEBS, namba ya bidhaa iliyochapwa kwenye shoki yenyewe na si kwenye boksi tu, na udai risiti yenye masharti ya dhamana. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Bila risiti ni vigumu kuidai.

Epuka shoki iliyotobolewa, ikaongezwa mafuta na kuchomelewa. Hukaza kwa siku chache, kisha hurudi ilivyokuwa.

Wakati wa kufunga

Shoki ya mafuta isimamishwe wima na ivutwe na kusukumwa mara kadhaa ili hewa itoke. Usimruhusu mtu aishike fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mdogo tu utaikata sili. Bolti za bushi zikazwe kabisa gari likiwa chini kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki. Usikubali springi ya mviringo ifunguliwe kwa kamba au waya: ikiruka inaweza kuua. Ukibadilisha strati, peleka gari likafanyiwe alaimenti siku hiyo hiyo.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka kila anayetumia gari barabarani kuhakikisha sehemu zake haziko katika hali ya kuhatarisha watu. Magari ya biashara pia hukaguliwa na NTSA. Lakini usisubiri siku ya ukaguzi. Kabla ya kupakia mzigo kesho asubuhi, kandamiza kona ya mbele ya pikapu yako, uhesabu inadunda mara ngapi.